Alhamisi ya Mwalimu Msaidizi

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri huwa nimeshaamka, na kabla ya saa kumi na mbili nimepanda matatu ya kutoka Kangemi hadi Westlands, ambako basi la wafanyakazi hutuchukua na kutupeleka shuleni. Mimi ni mwalimu msaidizi wa darasa la tatu katika shule moja ya kimataifa iliyo kwenye viunga vya Nairobi. Wengi wakilisikia neno "msaidizi" hudhani kwamba kazi yangu ni kuwafunga watoto kamba za viatu na kuwabebea mikoba, na hata jamaa zangu huniuliza ni lini nitapewa darasa langu mwenyewe. Nimesomea ualimu na ninaipenda kazi hii, ndiyo maana nimeamua kuieleza Alhamisi iliyopita jinsi ilivyokuwa. Alhamisi ndiyo siku yetu ya kutoka nje ya shule.

Saa moja kamili ninafungua darasa. Shule yetu inafuata mtaala wa msingi wa International Baccalaureate, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, na katika mtaala huo masomo hayatengani kama vyumba vya nyumba ya kupanga: hesabu, historia, sayansi na lugha hukutana katika mada moja inayodumu kwa wiki kadhaa. Sisi tumeipa kila wiki swali lake. Jumatatu mwalimu wa darasa huliandika swali ubaoni na watoto husema wanachokijua, Jumanne na Jumatano husoma, hupima na kuandika kuhusu swali hilohilo, Alhamisi tunalifuata mahali ambapo jibu lake linaweza kuonekana kwa macho, na Ijumaa kila mtoto huwaeleza wenzake alichokiona. Swali la wiki hii lilikuwa hili: tunajuaje habari za walioishi kabla yetu? Mahali penyewe palikuwa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi.

Kufikia saa mbili nilikuwa nimekagua mkoba wa huduma ya kwanza, sindano ya dharura ya mtoto mwenye mzio wa karanga, inhela za wawili wenye pumu, chakula cha mchana kutoka jikoni, chupa za maji, nguo za akiba na orodha ya watoto 22, kila jina likiwa na nambari za simu za watu wawili. Dereva, mzee mtaratibu ambaye sijawahi kumwona akiendesha kwa hasira, alikuwa ameshalipasha moto basi la njano na kukagua mikanda ya viti. Tulipaswa kuondoka saa mbili na robo ili tufike mapema, kabla ya shule nyingine kujaza kumbi.

Hatukuondoka saa mbili na robo. Askari wa getini alinipigia simu akasema, "Mwalimu, kuna mtoto wako amefika na dada wa nyumbani, lakini fomu yake haina sahihi." Sheria ya shule ni kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajatia sahihi kwenye fomu ya ruhusa havuki geti kwa safari yoyote, nami ninaiheshimu sheria hiyo kwa sababu ninajua jambo linaloweza kutokea barabarani. Nilimpigia mama yake, ambaye wakati huo alikuwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akisubiri kupanda ndege. Aliniambia kwamba fomu aliiona Ijumaa, kwamba ametoa ruhusa kwa mdomo na hilo linatosha, na kwamba yeye halipi karo ile ili mwanawe aachwe nyuma kwa ajili ya kipande cha karatasi. Nilimjibu, "Mama, ninakuelewa, lakini ninahitaji maandishi yako, hata barua pepe fupi itatosha." Akasema mtandao ulikuwa mbaya. Akakata simu. Nikapiga tena, akaniuliza kama ninaweza kumpa mwalimu mwenyewe azungumze naye.

Neno hilo nimelisikia kwa wazazi wengi, na bado linaniuma. Mwalimu wa darasa alikuwa pembeni yangu akisikia yote, na aliniachia simu kwa makusudi, kwa kuwa masuala ya ruhusa ni yangu na anajua ninayamudu. Wakati huo watoto 21 walikuwa wameketi ndani ya basi wakiwa wamefunga mikanda, jua limeanza kuwachoma kupitia vioo, na wa ishirini na mbili alikuwa amesimama getini akiwa ameshikwa mkono na dada, akitazama chini. Huyo dada, msichana mpole ambaye hakuwa na kosa lolote, aliendelea kuniomba radhi kana kwamba fomu ilikuwa yake. Nilimwambia, "Usijali, dada, ngoja nasi kidogo." Barua pepe iliingia saa tatu kasoro dakika tano. Tulipoteza dakika 40, na hizo hazikuwa dakika zangu wala za mama yule, bali za watoto.

Safari ya kwenda haikuwa na shida. Tulishuka makumbusho, nikawahesabu, tukaingia.

Pale uani mna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970 na ambaye alikufa mwaka 1974. Mwalimu wa darasa aliwakusanya watoto hapo akawaeleza kwamba mnyama huyu alilindwa na askari wenye silaha usiku na mchana. Kazi yangu hapo ni kusikiliza. Mwalimu akizungumza mbele, mimi hutembea nyuma nikiandika kwenye daftari maswali ambayo watoto wanaulizana kwa sauti ya chini, kwa sababu maswali mazuri mara nyingi hayasemwi mbele ya wote. Mvulana mmoja aliyetoka Korea muhula huu, ambaye bado anasitasita kuzungumza, alimuuliza jirani yake kwa nini Ahmed alilindwa yeye peke yake na ndovu wengine wakaachwa. Niliandika swali hilo nikalipigia mstari.

Ndani, tulikaa kwa muda mrefu zaidi mbele ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale. Hiyo ndiyo sehemu niliyoisubiri wiki nzima. Mifupa hiyo iligunduliwa mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu, kidogo na cheusi kati ya kokoto nyeusi kando ya mto mkavu, ni Mkenya, Kamoya Kimeu, ambaye hakuwa profesa na ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, lakini macho yake yalikuwa yamezoea ardhi kwa miaka mingi ya kazi. Niliomba mapema niwaeleze watoto sehemu hii, na mwalimu wa darasa akakubali. Niliwaambia kwamba wataalamu wengi hukadiria kuwa mvulana huyu alikufa akiwa na miaka minane au tisa, yaani umri wao wenyewe, na kwamba urefu wake ulikuwa karibu sentimita 160. Nikatoa utepe wa kupimia. Walipimana mmoja baada ya mwingine, wakaandika tofauti, na mrefu kuliko wote darasani alikuwa na upungufu wa sentimita 21. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, basi alikuwa mtoto mwenye mwili wa mtu mzima." Hakuna ukurasa wa kitabu ambao ungemfikisha kwenye sentensi hiyo kwa dakika kumi.

Zile dakika 40 zilitugharimu hapo hapo, kwani ukumbi wa ndege na bustani ya nyoka hatukuvifikia. Kuwatuliza watoto walioahidiwa nyoka ni kazi inayojitegemea.

Tulikula, nikawahesabu, tukapanda basi saa saba na nusu huku mawingu yamefunga. Mvua ilitukuta kabla hatujafika Westlands. Kila mkazi wa Nairobi anajua jinsi mvua ya nusu saa inavyoweza kulisimamisha jiji hili, lakini kukaa ndani ya foleni ukiwa na watoto wa miaka minane si sawa na kukaa peke yako ukiwa na simu yako. Vioo vilifungwa, hewa ikawa nzito, na mtoto mmoja akatapika juu ya sweta lake na la mwenzake. Nilimsafisha, nikambadilisha, nikamkalisha karibu na dereva palipokuwa na hewa. Mwingine akataka kwenda haja. Tulikuwa katikati ya magari, hakuna pa kuegesha, na mzee alinitazama kwenye kioo akasema kwa upole, "Mwalimu, mwambie avumilie hadi kituo cha mafuta." Nilimshika mkono mtoto huyo nikamhesabia magari mekundu hadi tulipofika. Kisha wawili wakaanza kulia kwa sababu wenzao walilia.

Nikasimama katikati ya viti nikaita, "Kitendawili!" Wakaitika, "Tega!" Tukatega nyumba isiyo na mlango, tukatega kuku aliyetagia miibani, na walipoanza kutunga vya kwao kuhusu ndovu na mifupa nikajua tutafika salama. Wakati huo simu ya darasa haikunyamaza. Wazazi waliuliza basi liko wapi, nami niliwajibu wote kwa sentensi ileile huku miguu ikiniuma na koo limekauka.

Sikumbuki saa kamili tuliyofika. Ninachokumbuka ni kwamba somo la kuogelea lilikuwa limeshapita, niliwahesabu wakishuka, wakawa 22, na mzazi mmoja akachukua mkoba wa mwanawe mkononi mwangu bila kunitazama.

Watoto walipoondoka nilifua sweta mbili, nikajaza ripoti ya aliyetapika, nikarudisha dawa kwa muuguzi, kisha nikabandika ukutani vipimo vyao vya urefu kwa ajili ya Ijumaa. Mwalimu wa darasa aliomba daftari langu la maswali. Aliposoma swali la yule mvulana wa Kikorea alinyamaza kidogo, akaniuliza kama mtoto huyo alilisema kweli. Tulikubaliana kwamba litakuwa swali la Jumatatu: nani huamua kitu gani kilindwe? Alhamisi tutalipeleka Msitu wa Karura, ambako mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakipinga kugawiwa kwa ardhi ya msitu. Nilibaki shuleni hadi saa kumi na mbili jioni nikiandaa fomu za safari hiyo, na fomu ya kwanza niliyoituma kwa barua pepe ilikuwa ya yule mama aliyesafiri.