Filta Iliyotoka Safi

Nilipoitoa filta ya oili ya gari langu kwenye kikombe chake baada ya kilomita 5,000, karatasi yake ilikuwa ya kahawia hafifu tu, na chini ya kikombe hapakuwa na tope. Nilifurahi kwa dakika kama tano hivi, hadi nilipochovya kidole kwenye oili niliyokuwa nimeimwaga katika karai. Ilikuwa nyeusi kama masizi, na kwenye mwanga wa jua ilimetameta vumbi la chuma. Uchafu ulikuwapo wa kutosha, ila haukupita kwenye filta.

Gari lenyewe lilikuwa Morris Minor 1000 la mwaka 1958, injini ya cc 948 ya aina iitwayo A-Series. Injini iliyotangulia, ya cc 803, ilichuja oili kwa pembeni: sehemu ndogo tu ilipita kwenye filta na kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), nyingine yote ikaenda jinsi ilivyo kwenye beringi, vipande vya chuma vinavyoshika sehemu zinazozunguka. Hii ya 948 hupitisha oili yote kwenye filta kwanza. Beringi zake nazo ni ngumu zaidi, hazimezi chembe kama zile nene za zamani zilizotengenezwa kwa madini laini meupe. Nafasi kati ya beringi ya konrodi (mkono unaoshikana na pistoni) na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na mikono hiyo) ni milimita 0.025 hadi 0.063. Chembe ikiingia hapo, hukwaruza.

Dalili zilikuwa zimeanza wiki kadhaa nyuma. Kiwandani gari lilifungwa taa tu ya kuonya presha ya oili ikishuka, lakini nilikuwa nimeongeza geji ya kuipima. Injini ikishapata moto, geji inatakiwa isome paundi 60 hivi kwa inchi ya mraba ukiwa barabarani, na kama 15 gari likisimama huku injini inanguruma. Yangu ilikuwa inasoma 35 barabarani, na gari likisimama taa inapepesa. Nikashauriwa dawa ya siku zote: ongeza washa (kiduara cha chuma) nyuma ya springi ya vali ya presha, ili springi ikaze zaidi. Dawa hiyo haiponyi kitu. Vali ile kazi yake ni kuzuia presha isipande kupita kiasi; injini ikinguruma polepole vali tayari imefunga, kwa hiyo hata ukiikaza springi mpaka mwisho, oili itaendelea kuvuja kwenye beringi zilizolika. Oili nzito zaidi nayo hupandisha mshale tu, na asubuhi injini ikiwa baridi huchelewa kufika juu kwenye roka, mikono inayofungua vali za injini.

Nikarudi kwenye kikombe cha filta. Katikati yake hupita bolti ndefu, na juu ya bolti hiyo vipande hupangwa hivi kuanzia chini: springi, washa ya chuma, washa ya feliti (sufu iliyoshindiliwa), kisha sahani inayobeba filta, yenye klipu ya kuizuia isichomoke. Oili chafu huzunguka nje ya karatasi, hupenya kuingia ndani, na hutokea juu katikati. Tundu la sahani ni kubwa kidogo kuliko bolti, na kinachoziba nafasi hiyo ni ile feliti. Mimi sikuwa nayo. Niliitupa mwenyewe, kwenye huduma iliyotangulia: nilitoa klipu ili nisafishe kila kitu kwa petroli, nikakuta kiduara cheusi, kigumu, kinachovunjika vidoleni, nikadhani ni tope lililokauka. Tangu hapo oili ilipanda kando ya bolti moja kwa moja hadi katikati, maana njia hiyo ni nyepesi kuliko kupenya karatasi. Geji haiwezi kukuonyesha kosa kama hilo. Inapima presha, haipimi usafi.

Siku hiyohiyo ya huduma niliongeza kosa la pili. Injini ilikuwa imetumia kwa miaka mingi oili ya SAE 30 isiyo na dawa ya kusafisha, nami nikaiwekea 20W-50 yenye dawa hiyo. Yenyewe ni oili nzuri kwa injini hii. Lakini huyeyusha utando uliogandamana kwenye sampu na chini ya kifuniko cha tapeti, na utando huo ukishaachia lazima unaswe na filta. Nilipaswa kuimwaga baada ya kilomita 500, halafu tena baada ya 1,000, na kubadilisha filta kila mara.

Injini ikashushwa. Beringi za konrodi zilikuwa na michirizi kama sahani ya santuri, na nilipopitisha ukucha juu ya krenki, ulikwama kwenye mikwaruzo. Ukucha ukikwama, karatasi ya msasa haisaidii. Krenki ilichongwa, zikawekwa beringi za andasaizi ya inchi 0.010, yaani zinazotoshea krenki iliyopunguzwa kiasi hicho. Kazi iliyochukua muda kuliko zote ilikuwa kusafisha njia za oili ndani ya krenki: brashi nyembamba ya waya, petroli, upepo wa kompresa, kisha kurudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mashine ya kuchonga huacha unga humo, na unga huo huua beringi mpya mapema. Bolti za konrodi zilikazwa futi-paundi 35, za beringi kuu 60.

Feliti mpya niliilowesha oili kabla ya kuivisha. Mpira wa zamani kwenye mfereji wa kichwa cha filta niliung'oa kwa pini. Ukiusahau ukaweka mwingine juu yake, kikombe kinavuja hata ukikaza vipi. Pampu niliijaza mafuta ya mgando ili ivute mara moja, sampu ikapata oili kiasi cha lita nne, nikachomoa plagi zote na kuzungusha kwa stata mpaka taa ikazimika. Ndipo nikarudisha plagi na kuiwasha.

Baada ya kilomita 500 nilifungua tena kikombe. Filta ilitoka nyeusi tii, mikunjo imejaa tope na nyuzi za vitambaa vyangu mwenyewe.