Sakafu ya Kombi ilivyonila wikendi tatu

Kilichonishtua ni kiti cha nyuma. Nilipiga breki Limuru Road, kiti kikasonga mbele pamoja na mama watoto akiwa amekikalia, kuangalia chini boliti zinacheza kwa mbao iliyolowa kama mandazi kwa chai.

Hiyo Kombi, basi dogo la Volkswagen, ni ya 1976, ile ya kulala ndani. Nikiinunua niliangalia injini tu, sakafu ilikuwa na zulia safi nikaridhika. Sasa nilipong'oa zulia plaiwudi ikaja na mkono, chini yake bati limeliwa na kutu hadi ngumi inapita. Nikadhani ni maji ya barabarani, kumbe ni raba ya dirisha la kando imekauka ikapasuka, mvua ikinyesha maji yanateremka ndani ya ukuta yanakaa chini ya mbao hayana pa kwenda. Kwa hivyo nilianza na raba, la sivyo Aprili ingenikuta nang'oa tena.

Fundi wa Kariobangi akakata kutu yote akachomelea bati la geji 16. Alitaka kuanza hivyo hivyo, mimi ndiye nilitoa waya za betri na kuweka mtungi wa kuzima moto karibu, tangi la petroli la hizi gari liko nyuma karibu na injini na cheche za grenda hazina adabu. Tukapaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu.

Mbao nilitoa Gikomba, plaiwudi ya marini, ile ya kustahimili maji, ya milimita 18. Ile ya zamani ilikuwa imevunjika vipande, haingeweza kuwa kipimo, nikachora kwa katoni ya friji, nikakata kidogo kidogo. Kingo nilizipaka rangi ya mafuta mara tatu, plaiwudi huanza kunywa maji pale.

Viti sasa. Aliyekuwa nayo kabla yangu alivifunga na skrubu za mbao, yaani roho yako inashikwa na plaiwudi! Mimi nilipitisha boliti za milimita 10, gredi 8.8 yaani chuma kigumu, kutoka kwa kiti hadi chini ya bati, na huko chini kila boliti ikapata kipande cha chuma cha milimita 4 kama kiganja, wosha, na nati yenye nailoni ndani isilegee. Kabla ya kutoboa nililala chini ya gari na tochi, na afadhali, tundu la kwanza lingeshukia karibu kabisa na paipu ya breki. Nikasogeza kiti.

Boliti nilizokuwa nimenunua zikatoka fupi kwa sababu sakafu mpya ni nene kuliko ile ya kwanza, nikarudi maduka ya spea ya Grogan na mfuko karibu mtupu. Hiyo hiyo unene imefanya mlango wa kuteleza ukwaruze mbao kila ukifungwa. Nimeshaipiga msasa mara mbili, bado inalia.