Siku yangu kwenye mbaazi, nikimfuata mdudu mwenye mkia

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa tano Chamwino, upepo unakata masikio. Naegesha pikipiki chini ya mbuyu, natoa daftari la kuhesabia wadudu. "Mbukwenyi, bibi." "Mbukwa, mjukuu wangu. Leo usinianzie habari za dawa. Nimepuliza mara mbili, bado wanakula."

Saa 1. Vipepeo wamejikunyata kwenye matawi, mabawa yamefungwa. Kwa nje ni kahawia yenye mistari myeupe ya mawimbi, basi. Ungempita.

Saa 3. Jua limekolea, dume kafungua mabawa: bluu iliyoingia zambarau! Jike ni kahawia, bluu yake ni kidogo tu karibu na kiwiliwili. Kipepeo mzima hafiki upana wa kifuniko cha soda mara mbili. Kitaalamu ni Lampides boeticus, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1767. Bibi humwita "huyo mchawi", na mimi nipo upande wa bibi. Tazama: akitua anasugua mabawa ya nyuma, vimkia vyembamba kama uzi vinacheza mithili ya vipapasio vya kichwani, na vidoa viwili vyeusi pembeni yake vinafanana na macho. Ndege anadonoa huko nyuma akidhani ndiko kichwani. Leo nimeona watatu waliokatwa mikia, wanaruka kama hawakuguswa.

Saa 5, magoti chini, lenzi mkononi. Yai jeupe, bapa, moja moja kwenye vitumba vya maua. Kiwavi akianguliwa anatoboa kitumba, baadaye anahamia ndani ya ganda na kula mbegu changa. Bibi anapopuliza, mwenzake yumo ndani ya nyumba kajifungia.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda.

Saa 9. Ganda moja limejaa sisimizi. Nimelipasua: kiwavi wa kijani, bapa kama konokono asiye na kombe. Mgongoni ana tezi itoayo majimaji matamu. Sisimizi wanayalamba, nao wanamlinda. Akishiba anakuwa pupa, ingawa hana pupa yoyote: anatulia tuli mpaka atoke na mabawa.

Saa 11. Maganda 50, yaliyotobolewa 9. Bibi kayachukua, anawapasulia kuku. Moja nimelificha mfukoni; nyumbani lipo kopo la asali lenye mchanga, na mke wangu siku hizi haulizi tena.