Tarehe 11 Aprili, ukiitazama kutoka Mbale

Baba yangu mdogo alikwenda Uganda kwa miguu, askari wa Tanzania katika vita ya kumng'oa Idi Amin. Hadithi hiyo nimekua nayo kwetu Bukoba: walivuka Mutukula mwanzoni mwa 1979, wakatembea na mizigo mgongoni mpaka ng'ambo ya Masaka na zaidi, kucha za miguu ziking'oka njiani. Mimi nilikwenda kwa basi, na bado nililalamika.

Basi lenyewe lilistahili. Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi, tukapita Kyaka, ambako magofu ya kanisa lililobomolewa vitani yangali yamesimama, tukavuka mpaka bila tabu. Tulipoikaribia Masaka likazima. Fundi akaingia uvunguni, sisi tukakaa chini ya mti zaidi ya saa tatu tukila gonja. Kampala nikaingia usiku, gari la Mbale, mji wa mashariki ya Uganda, nililolikusudia limeshaondoka. Kesho yake nikabanana kwenye teksi ya abiria kumi na wanne. Pale Namawojjolo wachuuzi wakatuvamia madirishani na kuku wa vijiti, Jinja tukavuka Nile, na jioni nikashuka Mbale chini ya majabali ya Wanale, jua likiwa limebakisha kidogo kuzama. Nilikuwa nimeahidi kufika kabla halijazama, kwa sababu wenyeji wangu wakishaingia Sabato hawapokei simu.

Wenyeji hao ni Abayudaya. Jina ni la Kiganda, maana yake Wayahudi, basi. Dini hawakuletewa na meli wala mmisionari. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi ya mashariki kisha akakosana nao, aliisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, akaona hakuna mahali Torati imefutwa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Alikufa 1928, ila watu wake wapo mpaka leo kwenye kilima cha Nabugoye na vijiji vya jirani.

Bodaboda ikanitua kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekubali kunipokea. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akacheka badala ya kuitikia.

"Wewe ni wa Tanzania kweli. Hapa hiyo hatuna. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha askari. Ukikisikia usiku mlangoni, unajificha."

Sikujua nijibu nini. Nikanawa uso, nikavaa kofia ndogo ya kufuma aliyonipa, tukapanda naye sinagogini. Waliimba kwa Kiebrania na Kiluganda, watoto wakijua zaburi kwa moyo kuliko mimi ninavyoujua wimbo wa taifa. Nilikuwa na usingizi, siwezi kudai niliguswa.

Kilichoniamsha kilikuja mezani, baada ya baraka ya kikombe na mkate. Nilimsimulia habari ya baba mdogo, kwa majivuno kidogo, nakiri. Mzee akaweka kijiko chini.

"Kampala ilianguka lini?"

"Aprili kumi na moja." Kwetu tarehe hiyo huhitaji kuifikiria.

"Jioni ile ndiyo Pasaka yetu ilikuwa inaingia. Jioni ileile."

Hapo ndipo akanieleza. Amin aliipiga marufuku dini yao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia kanisani au msikitini ili waishi, wakabaki mamia machache wakisali kwa kujificha. Halafu usiku ambao kila Myahudi duniani anakula mkate usio na hamira na kusimulia jinsi Farao alivyoshindwa, redio ikasema Amin hayupo tena. Yeye alikuwa kijana. Anasema mama yake hakushangilia. Alifunika uso kwa kanga akalia.

"Mungu hakuumba dunia akaenda kulala," akasema. "Anashika bado."

Asubuhi sinagogini alinigusa bega, akaniwekea kidole kwenye mstari wa sala na kunitafsiria kwa sauti ya chini: kwa wema wake anaifanya upya kila siku, daima, kazi ya mwanzo. Yaani kuumba hakujaisha. Leo asubuhi kumefanyika tena.

Mchana nilikaa chini ya mwembe na kijana mmoja anayejifunza Torati, nikagundua wenyewe hawajamaliza kubishana. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyekuwa tabibu huko Misri karne ya 12, alifundisha kwamba uangalizi wa Mungu humfuata binadamu mmoja mmoja, tena kwa kadiri ya ufahamu wake; jani likidondoka, limedondoka tu. Wahasidi, Wayahudi wa vuguvugu la uchaji lililoanza karne ya 18, wakakataa: hata jani halipinduki bila yeye. Kijana akaokota jani la mwembe, akaligeuza mara mbili tatu. "Mimi bado sijachagua," akasema, akalitupa.

Mimi nilikuwa na swali zito zaidi, nikampelekea mzee alasiri. Kwetu kule Kaboya yapo makaburi ya askari wetu wa vita ile. Kama ni mkono wa Mungu, ulikuwa wapi kabla, na kwa nini ulipitia kwa vijana wale? Isitoshe, kitabu chenu cha usiku wa Pasaka si kinasema Mungu aliwatoa Misri mwenyewe, si kwa malaika wala kwa mjumbe? Baba mdogo alikuwa nani basi?

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani nimemkosea adabu.

"Baba yako mdogo alikuja kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Kagera. Amin alituvamia 1978."

"Alikuwa anatujua sisi?"

"Hapana. Nyumbani hakuna anayewajua."

"Ndiyo hiyo. Angekuja kwa ajili yetu, ningemshukuru yeye, yaishe. Alikuja na hasira zake, akafika siku yetu. Tarehe aliipanga nani?"

Kuhusu Kaboya hakujibu kwa maneno. Alivuta sahani, akachovya kidole kwenye kikombe cha juisi ya zabibu kilichobaki, akadondosha tone moja, la pili, la tatu, mpaka kumi. Ndivyo wanavyofanya usiku wa Pasaka, tone kwa kila pigo lililowapata Wamisri, ili kikombe cha furaha kisijae. "Na hao ni maadui," akasema. Akafuta kidole. Sikuridhika, na nadhani yeye pia hakuridhika.

Usiku, nyota tatu zilipoonekana na Sabato ikaisha, nilimpigia baba mdogo. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akakohoa.

"Mungu? Ile ilikuwa mizinga, mwanangu. Na miguu."

"Usiku ule ulikuwa unafanya nini?"

"Njaa tu. Chakula kilikuwa hakijatufikia. Tulikuwa tunakula zile biskuti za jeshi, ngumu kama kigae, hazina chumvi wala hamira. Zilinivunja jino."

Asubuhi mzee aliniuliza ndugu yangu kasema nini. Nikaruka ya mizinga, nikamwambia ya biskuti. Alinitazama kwanza kama anayehakikisha simtanii, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkewe kutoka jikoni, akanitaka nianze upya, polepole, na hilo neno la hamira nilirudie.