Jamani, tupisheni tupite!

Leo tumecheza gofu nyuma ya kikundi cha watu wanne wasio na haraka na dunia. Mmoja alisimama juu ya mpira, akatikisa fimbo, akarudi nyuma, akachuchumaa kuangalia mteremko, kisha akaanza upya. Na mpira wenyewe ulikuwa futi mbili tu kutoka shimoni! Walipomaliza, wakajazia alama palepale kwenye bendera ya shimo, sisi tumeegemea fimbo tunawatazama.

Kanuni zilizoanza 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika 5 hadi 3, na zinashauri pigo lisizidi sekunde 40. Ukichagua fimbo wakati mwenzako anapiga, zinatosha na chenji inabaki. Ukihisi mpira umepotelea vichakani, tangaza kwamba unapiga wa akiba, upige kabla hujaondoka.

Kilichonikera zaidi ni lile shimo la mchanga lililowekwa uwanjani kama kikwazo: nyayo zao zimeachwa vilevile, na reki iko hatua mbili pembeni. Hivi kweli?

Mbele yao hakukuwa na mtu. Mwishowe mwenzetu akaenda kuwaomba kwa upole, wakakubali mara moja, tena kwa tabasamu. Kumbe walidhani kupisha watu ni mpaka uombwe.