Majambia mawili na kofia kwenye kipande cha fedha

Kila jioni nikishafunga duka hapa Majengo kazi ya mwisho ni kupanga chenji, mia huku, mia mbili huku, mia tano peke yake, na miaka yote nilikuwa nahesabu tu, picha siziangalii. Juzi mwanangu wa darasa la tano kashika mia mbili ananiuliza, baba, mbona Mzee Karume huku afu simba huku? Mi ni mpenzi wa sarafu za kale kwahiyo aliniweza hapo hapo, nikawasha simu nikamwonyesha dinari za Warumi.

Dinari ndio ile ile ya kwenye Biblia, ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku moja, na sie watu wa Dodoma mambo ya zabibu tunayaelewa haraka. Walianza kuigonga kama mwaka 211 KK wakiwa vitani na Hannibal, jemadari wa Karthago, gramu nne na kitu za fedha, yani fedha madini, na kwakweli naipenda sana lugha yetu hapo maana madini na hela vyote tunaita fedha. Mbele kichwa cha mungu wa kike Roma kavaa helmeti, nyuma mapacha wawili juu ya farasi wanakimbia.

Baadaye watawala wakaanza kuipunguza, Nero mwaka 64 BK alipunguza uzito na usafi wa fedha, na karne ya tatu ilipovuka katikati sarafu zao nyingi zilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu tu. Inaniuma hiyo.

Ila ile ninayoipenda kuliko zote ni ya Brutus, 42 KK. Caesar, mtawala wa Roma, alikuwa Mrumi wa kwanza kuwekwa sura kwenye sarafu za Roma yenyewe akiwa hai, mapema 44 KK, na tarehe 15 Machi mwaka huo huo wakamuua, Brutus akiwemo. Sasa kuza picha uone: majambia mawili yamesimama ncha chini, mipini haifanani, katikati kikofia cha duara, chini yake EID MAR, yani hiyo tarehe 15 Machi. Geuza upande wa pili unamkuta Brutus mwenyewe, sura yake, kitu kile kile alichofanya Caesar! Na hela hizi walikuwa wanalipwa askari wake, wale wa kwenda kupigana Filipi kule Makedonia, ambako yeye alishindwa akajiua.

Mtoto majambia hakuyajali kabisa. Akaniuliza, hii kofia ya nani? Nikamwambia ni ile waliyokuwa wanavalishwa watumwa siku wakiachiwa huru, kwahiyo hata askari asiyejua kusoma akiiona tu anaelewa anaambiwa nini. Akanyamaza kidogo, afu akavuta lile fungu la mia tano akaanza kumwangalia nyati.