Picha ya kuwashia iliyopotea kwenye Ubuntu
Kompyuta mpakato ya binamu yangu anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma, iliacha kuonyesha nembo ya Ubuntu, mfumo endeshi wake wa familia ya Linux, wakati wa kuwaka. Kioo kilibaki cheusi, ikafuata mistari michache ya maandishi, kisha ukurasa wa kuingilia ukafunguka kama kawaida. Fundi mmoja alikwisha kumshauri afute kila kitu na kusakinisha upya, ushauri ambao sikuona sababu yake, kwa kuwa mfumo wenyewe ulikuwa mzima.

Picha hiyo huletwa na programu iitwayo Plymouth, iliyoanza kutumika katika Fedora 10, mfumo mwingine wa Linux, mwaka 2008 na kuingia Ubuntu katika toleo la 10.04 mwaka 2010. Kazi yake ni kutandaza pazia juu ya ujumbe unaotolewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, na huduma nyingine zinapoanza, na kwa hiyo mimi huanza kwa kuliondoa pazia hilo kabla ya kulitengeneza. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayouanzisha mfumo kompyuta inapowashwa, bonyeza herufi e, futa maneno quiet na splash katika mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Kama ipo diski inayokaribia kufa au huduma iliyokwama, utaiona hapo hapo, na suala la picha litasubiri.

Kwa binamu hapakuwa na hitilafu ya namna hiyo, ila draiva ya kadi ya picha ya Intel, i915, ilikuwa ikipakiwa kwa kuchelewa, hivyo Plymouth haikupata mahali pa kuchora mapema. Niliongeza neno i915 mwishoni mwa faili /etc/initramfs-tools/modules, inayoorodhesha draiva za kupakiwa mapema, nikaendesha amri sudo update-initramfs -u ili badiliko liingie kwenye faili la kuwashia, na nembo ikarudi. Kabla ya amri hiyo hakikisha /boot, folda ya faili za kuwashia, ina nafasi ya kutosha, maana ikijaa kazi hukatika katikati, na betri iwe na chaji, kwa sababu umeme nao una mambo yake.

Wenye kadi za AMD huandika amdgpu badala ya i915. Wanaotumia draiva inayotolewa na kampuni ya NVIDIA yenyewe huongeza nvidia-drm.modeset=1 kando ya quiet splash katika /etc/default/grub, kisha huendesha sudo update-grub.